Kiko cha Marehemu Chenge

Siku Chenge alipozikwa kule Buswelu, binti yake Kija alimwona baba yake mdogo, Masele, akitupa uani vitu vya mjane. Sufuria, godoro, na mwisho kiko cha marehemu, kikagonga jiwe.

"Nyumba ya kaka yangu haikai mwanamke," Masele alisema.

Kija alikiokota kile kiko, akamshika mkono mama yake, Roza, wakaenda kupanga chumba Mabatini.

Miaka ikapita. Kija alishona nguo kibarazani, na kiko kikakaa dirishani kikipigwa jua mpaka mti wake mwekundu ukapauka kama mfupa. Kisha Masele akapiga simu, sauti imejaa asali. Binti yake Queen anaposwa, na wazee wanataka mkubwa wa ukoo akivute kile kiko mbele ya wakwe, kama desturi yao.

"Kilete, mwanangu. Yaliyopita si ndwele."

"Nitakileta, baba," Kija akajibu, huku moyoni akicheka kicheko kibaya.

Alikwangua masizi ndani, akakifuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, akakianika kivulini. Alianza na mafuta ya alizeti. Asubuhi akakikuta kinanata, vumbi limekigandia. Akasonya, akafuta upya. Safari hii alipaka mafuta ya nazi, kidogo sana, akauacha mti unywe, kisha akasugua kwa nta ya nyuki. Kila aliposugua aliliona lile godoro likiruka mlangoni. Wekundu ukarudi.

Siku ya posa Masele alikaa kiti kikubwa, koti jipya mwilini. Akanyoosha mkono. "Kumbe kinang'aa hivi! Lete."

Kija akampita. Akapiga magoti kwa mama yake, aliyekaa mkekani karibu na mlango. "Shika, mama. Ni cha mumeo."

Roza akakijaza tumbaku, akawasha. Mzee Ngosha, msemaji wa wageni, akashangaa. "Mama, kumbe wewe ndiye mwenye mji?"

"Nilikuwa," Roza akasema, moshi ukimtoka puani. "Mpaka huyu aliponitupa nje siku ileile tuliyomzika mume wangu."

Wageni wakanong'onezana, wakaaga: watarudi wakishajua wanaoa kwa watu wa namna gani.

Njiani Roza akasema, "Umemwonea Queen."

Kija akamshika mkono. "Queen nitamwomba radhi. Harusi ikiwepo, gauni nitamshonea mimi," akasema. "Masele, bado sijamalizana naye."