Nusu ya Kitabu Iliyobaki Namakwekwe

Janepher hakai. Mjue hilo kwanza, maana majirani zake wa Namakwekwe hapa Mbale wakitaka kumsema huanzia hapo hapo. Chakula anakula wima. Kwenye cherehani yake ya kibarazani, anakoshonea sare za shule, kukaa ni lazima, lakini mshono ukiisha tu amekwisha simama, anachungulia barabara, anamsalimu huyu, anamkaripia yule. Mwenye nyumba wake, mzee Marjan, humwambia, "Mama, subira huvuta heri." Naye humjibu kwamba basi kamba ya kuivutia imekatika.

Mtu wa namna hiyo ungedhani atapenda vitabu vifupi. Wapi! Anapenda riwaya za upelelezi, zile nene, mtu anakutwa amekufa asubuhi na kila aliyelala nyumba hiyo alikuwa na sababu ya kumuua. Tena anazitaka mpya, ambazo hakuna mdomo uliokwisha kumharibia.

Hupata vitabu hivyo Jinja, kwa Mama Alpa, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Ukienda kununua kaki ya sare, nyuma ya majora utaona rafu moja ya riwaya zinazotoka Nairobi. Mama Alpa huzisoma zote kabla ya kuziuza, na kipimo chake ni jikoni. Kitabu kisichomfanya aunguze dengu, anakirudisha kilikotoka. Ukimuuliza kama kipya hiki kinafaa, hakusimulii habari ndefu. Anakwambia sufuria ilikuwaje.

Kwenye rafu hiyo ndiko Janepher alikokutana na Conrad. Conrad ni askari wa jeshi, Mteso kwa kabila, mrefu, mpole kwa sauti na mbishi kwa tabia. Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja, na mikono miwili ikakishika pamoja. Janepher alilelewa na bibi aliyekuwa akisikia Kiswahili anajificha migombani, kwa mambo aliyoyaona zamani za utawala wa wanajeshi, ambao lugha yao ilikuwa Kiswahili. Siku hiyo alimjibu afande yule kwa Kiswahili hicho hicho, na hakumwachia. Wateja wakapanga foleni nyuma yao. Mama Alpa akachoka. Akawanyang'anya kitabu, akakilaza kwenye meza ya kukatia, akakifungua katikati na kukipasua mgongo kwa mkasi wa vitambaa.

"Wewe chukua mwanzo," akamwambia Conrad. "Wewe chukua mwisho. Sasa mtafutane."

Wakatafutana, wakaoana. Nyumbani wanaongea Kiswahili, maana Kiteso Janepher hakijui na Kigisu, lugha ya mkewe, Conrad anakitafuna vibaya.

Tangu hapo ikawa desturi yao. Conrad akitumwa mbali, wanakwenda Jinja, wanachagua riwaya mpya, Mama Alpa anaikata. Mwenye kwenda anachukua mwanzo. Mwenye kubaki anakaa na mwisho, umefungwa kwa karatasi, juu ya kabati, na haufunguliwi. Kutoka huko aliko Conrad anapiga simu kumsimulia sura moja moja, akimficha hiki na kile kwa makusudi, na Janepher anamtukana kwa mapenzi. Akirudi, wanafungua mwisho pamoja. Alikuwa amerudi kila mara.

Ushirikina, utasema. Haya, sema. Wewe hujawahi kumngoja askari.

Safari hii alitumwa nje ya nchi. Janepher alikuwa amezidiwa na sare, shule zinafungua, basi Conrad akaenda Jinja peke yake. Alirudi na vifurushi viwili vinavyofanana. Kimoja akakitia begini mwake, kingine akakiweka juu ya kabati, akamshika mkewe kichwa kwa mikono miwili na kukaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akaondoka.

Simu zilikuja, lakini hazikuwa na utamu. Alizungumzia joto, alizungumzia maharage ya kambini. Akiulizwa habari za kitabu, anasema mtandao mbaya. Mtandao gani mbaya unaopitisha maharage na kukataa riwaya? Janepher alilala na swali hilo. Kisha simu zikakoma kabisa.

Redio ikatangaza kwamba msafara wa wanajeshi wetu umeshambuliwa. Majina hayakutajwa. Janepher alimpigia afande Semei, rafiki wa Conrad aliyebaki kambini hapa nchini, naye akasema kwa adabu kwamba bado wanangoja taarifa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Janepher alishona mikono ya shati kinyume, akaifumua, akaishona tena kinyume. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anamkasirikia kila aliyepita akicheka.

Jioni moja akakishusha kile kifurushi, akishike tu. Karatasi ilikuwa imechanika pembeni. Ndani akaona maandishi makubwa: Sura ya Kwanza.

Kama mwanzo uko hapa, mwisho amekwenda nao Conrad. Nyumbani hakuna kitu cha kumvuta arudi.

Kesho yake, Mama Alpa alipofungua duka, alimkuta Janepher mlangoni.

"Mama, ulituchanganyia vifurushi," Janepher alisema kabla ya salamu.

Mama Alpa akaondoa jora mezani, akaliweka pengine, akalirudisha. "Sikuchanganya, binti yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba mwisho."

"Aliomba vipi?"

"Alisema huko anakokwenda safari hii si kama kwingine. Alisema, 'Mama, nisiporudi, nitakuwa nimemfunga Janepher na nusu asiyoweza kuifungua. Atazeeka anaitazama pale juu ya kabati. Namwachia mwanzo. Akishausoma hatatulia, namjua, atakuja kwako kutafuta mwisho, na maisha yake yataendelea.'" Akainama chini ya meza, akatoa riwaya ile ile, nzima, mpya. "Akaniachia hiki nikupe. Soma, mama. Ni kizuri. Kiliniunguzia sufuria mpaka nikaitupa."

Harufu ya dengu zinazoungua ilikuwa inatoka jikoni nyuma ya duka, na Mama Alpa hakwenda kuzitazama.

Janepher alikiangalia kitabu. Mjue kwamba mwanamke huyu hajawahi kuona riwaya mpya akaiacha mezani. "Nani alimwambia nataka kufunguliwa?" akauliza. "Mwisho wangu uko kwa mume wangu. Ataniletea yeye."

Akatoka mikono mitupu. Njia nzima hadi Mbale alikuwa anagombana na Conrad moyoni, neno kwa neno, na kila hoja alishinda, na ushindi haukumsaidia kitu.

Alianza kuusoma mwanzo. Aliusoma akitembea, kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi, humo kitabuni mwalimu mkuu amekutwa amekufa kwenye bweni lililokomelewa kwa ndani. Akiufikisha pale mkasi ulipopita, katikati ya sentensi, anarudi ukurasa wa kwanza.

Simu ikaja mchana, namba asiyoijua.

"Ni mimi," alisema Conrad.

Janepher alisimama katikati ya kibaraza, cherehani nyuma yake, akalia kwanza. Alipomaliza kulia akaanza kumgombeza.

"Ulichukua mwisho wangu. Nani alikutuma uamue habari zangu?"

"Nilikosa, mama."

"Umeusoma?"

"Sijaufungua. Uko chini ya mto, naushika."

"Mimi mwanzo nimeusoma mpaka umechakaa. Muuaji nimekwisha mjua, na sikwambii."

Conrad akacheka kidogo. "Nisomee, basi. Sura moja tu."

"Sikusomei hata mstari. Uje ujisomee mwenyewe, hapa, mbele ya macho yangu."

Pikipiki ikapita, na Janepher akabana simu sikioni.

"Kuja nitakuja," alisema Conrad. "Wamesema karibuni. Ila kujisomea, Janepher... niko hospitali. Gari letu lilipigwa. Macho yangu wameyafunga, na daktari bado hajasema kama yataona."

Mzee Marjan alikuwa anafagia mbele ya mlango wake. Alimwona mpangaji wake akiingia ndani mbio na kutoka na kitabu kisicho na mgongo. Janepher akavuta kigoda hadi ukutani, akakaa. Akatandaza miguu, kama mtu asiye na pa kwenda. Mzee akaacha kufagia ili vumbi lisimfikie.

"Sura ya Kwanza," Janepher alisema kwenye simu, na akaanza kusoma polepole.