Baiskeli Mbili Ukutani

Kaka yangu walimwita Gesi, kwa sababu ya mitungi iliyosimama karakanani kwake na kwa sababu alikuwa mwepesi wa kulipuka. Mimi nilimwita kaka, na nilipochoka naye nilimwita mbuzi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli za mashindano, zile za zamani, za chuma chepesi. Kuziba pancha na kukaza spoki aliwaachia wengine. Yeye alianza na mabomba matupu, membamba kiasi kwamba ukiyagonga kwa kucha yanalia kama glasi. Aliyakata, akayachonga midomo ili yakumbatiane, kisha akayaunga kwa moto na shaba mpaka fremu ikasimama. Watu walimcheka kwamba anatengeneza vitu vya babu zao, mpaka wapande. Akishapanda mtu, kumshusha ilikuwa kazi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Wifi yangu alipofariki nilihamia pale na cherehani yangu nimsaidie kulea mtoto kwa wiki chache, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Mimi nilikaa upande wa dirishani, yeye upande wa pili na moto wake. Tuligombana kila siku ya Mungu. Cheche ziliruka zikatoboa nguo za wateja wangu, naye akasema vitambaa vya siku hizi ni vibovu.

Miwani nyeusi ya kuchomea alikuwa nayo. Ilining'inia msumarini, mpya kabisa, imejaa vumbi.

"Vaa hiyo kitu, kaka," nilimwambia.

"Inanificha rangi."

Rangi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alinieleza mara nyingi, hata kama sikuuliza. Bomba jembamba ukilipasha moto linaanza kuwa jeusi, halafu linakuwa jekundu. Likifika nyekundu ya nyanya iliyoiva, shaba inayeyuka na kuingia kwenye maungio yenyewe, bila kusukumwa. Hapo unaondoa moto. Ukichelewa kidogo tu, likawa rangi ya chungwa, chuma kimeungua ndani. Nje hutaona kitu. Utapiga tupa ulainishe, utapaka rangi, itang'aa vizuri, lakini siku moja itakatika hapo hapo, na mtu yuko juu yake. Kwa hiyo kaka yangu alitazama moto kwa macho makavu miaka yote ya ujana wake na utu uzima wake, ili asikosee rangi. Na moto ukamla macho. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikipiga cherehani.

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliiona ni wazimu. Fremu ikimalizika, kabla ya kupakwa rangi, aliifungia magurudumu na breki, akaipanda mwenyewe ikiwa chuma kitupu, akateremka nayo mteremko wa machimbo ya mawe bila kushika breki mpaka chini. Aliita kuionja. Akirudi mzima, ndipo rangi inapakwa. Alisema mteja hawezi kulipia kifo ambacho fundi hajakijaribu.

Ukutani kwenye karakana kulikuwa na misumari mikubwa miwili. Wa kwanza ulibeba baiskeli ya kijani ya marehemu wifi. Kaka aliitengeneza wakati anamtaka, na wifi akaipanda akamwacha kwenye vumbi mbele ya rafiki zake, na nadhani hapo ndipo kaka alipopenda kweli. Tangu azikwe hakuna aliyeipanda. Kaka aliifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akaongea nayo kidogo, akidhani mimi sisikii.

Msumari wa pili ulibeba baiskeli nyekundu ya binti yao. Mtoto huyu alikuwa mama yake mtupu: miguu ile ile, mgongo ule ule, na kichwa kigumu kile kile. Akiambiwa akaze hata nati moja alisema hajui, baba amfungie. Alipoanza kushindana aliomba yake. Kaka alichukua vipimo kwenye ile ya kijani, hakuhitaji hata kumpima mtoto. Ndiyo fremu ya mwisho aliyotengeneza.

Wakati huo alikuwa ameanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Nilipomuuliza akasema kikombe kimesogea. Na ile nyekundu hakuionja. Alisingizia goti. Binti akaichukua ikiwa haijapakwa rangi, akaipeleka mwenyewe machimboni, akarudi anacheka meno yote nje.

Baada ya hapo giza likaja kwa haraka. Daktari alimmulika, akasema nyuma ya jicho kumeungua na kilichokufa huko hakirudi. Kaka akashukuru kama mtu aliyeambiwa saa. Njiani nilimshika mkono nikalia kimya kimya, kwa kuwa asingeniona.

Lakini hilo alilivumilia. Kilichomvunja ni Kinyozi.

Kinyozi alikuwa mteja na rafiki, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa anapanda na binti yetu machimboni kila asubuhi. Akaja siku moja analeta baiskeli yake, eti inalialia chini ya usukani. Kaka akaiweka mapajani, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ungio, taratibu, kuzunguka. Mara ukucha ukasimama kwenye ufa mwembamba.

"Hii nilikutengenezea lini?"

"Kabla kidogo ya ya mtoto."

Kaka akaupitisha ukucha tena pale pale, mpaka Kinyozi akaacha utani. Kisha akasema, "Nilikuwa siioni nyekundu. Nilikuwa nasubiri ije, na ilikuwa imeshapita."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alinishika mkono tukazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, kuwaomba watu waliopewa baiskeli zake za mwisho wazirudishe azikate. Kinyozi alitoa yake, akapanda ya kuazima. Wengine walitucheka mlangoni. Mmoja alisema mzee amechanganyikiwa, mwingine akasema Gesi hajawahi kukosea, aliyekosea ni Kinyozi aliyegonga shimo. Wakamsifia mikono yake huku yeye akiwasihi wasiiamini. Sijawahi kuona mtu anatukanwa kwa sifa namna ile.

Na nyumbani mwake mwenyewe akakataliwa.

"Baba, hii haina kitu," binti alisema. "Nimeteremka nayo machimboni mara ngapi?"

"Chuma kilichoungua hakivunjiki siku ya kwanza. Kinachoka kwanza."

"Umechoka wewe. Tangu macho yaende unaona ubaya kila mahali."

"Panda ya mama yako."

"Ya mama ni ya mama. Hii ndiyo pekee uliyonitengenezea mimi. Zote nyingine ni za watu. Halafu unataka kuikata?"

Nilimkemea. Nikamwambia, "Mwanangu, msikilize baba yako, huyu hasemi ovyo mambo ya chuma." Akanijibu kwa heshima zote, "Shangazi, naomba usiingilie hili." Nilitamani nimzabe kibao, na nilitamani nimkumbatie, maana alikuwa analia. Mashindano makubwa yalikuwa karibu. Alikuwa na nafasi kweli, hata wasiompenda walikiri.

Kaka akapandisha sauti, na akipandisha sauti mitungi yenyewe ilitetemeka. "Nitaikata! Ukiamka utaikuta vipande!"

"Haya, kata!"

Wakanuniana. Watu wawili kwenye nyumba moja, wanapitishana chumvi kupitia kwangu.

Asubuhi ya siku iliyofuata niliamka nikasikia msumeno. Nilidhani anaondoa tu hasira kwenye vyuma chakavu, kwa hiyo nikawasha jiko, nikachemsha chai, nikampelekea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, jasho linamtiririka, fremu imebanwa kwenye jiliwa. Alikuwa amekata chini ya usukani na alikuwa anamalizia chini ya kiti. Uso wake ulikuwa umepoa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilimwona mtu aliyetua mzigo.

"Nimeimaliza," alisema. "Acha anichukie. Atanichukia akiwa hai."

Nikainama kuweka kikombe. Unga wa chuma ulikuwa umetapakaa sakafuni, miguuni kwake, kwenye mapaja yake. Ndani ya ule unga kulikuwa na vipande vya rangi.

Vilikuwa vya kijani.

Nikatazama ukutani. Misumari yote miwili ilikuwa mitupu. Nikatazama tena kwenye jiliwa: kiti kilikuwa kile chembamba cha binti, usukani ulikuwa wake, umezungushiwa utepe wake, hata pedali zilikuwa zake na mikanda yake. Fremu peke yake ndiyo ilikuwa ya kijani.

"Kaka," nikasema. "Umekata ipi?"

"Ya mtoto. Nimeitoa kwenye msumari wake. Nimepapasa kiti, nimepapasa usukani, kila kitu."

"Ni ya kijani, kaka. Hii ni ya wifi."

Hakupiga kelele. Alishusha msumeno, akaingiza kidole kwenye bomba lililokatwa, akagusa ungio kwa ndani, akakaa hivyo. Nilijua anachokisikia: kazi yake ya ujanani, safi, isiyo na doa. Nilidhani atamlilia wifi. Lakini alisimama ghafla, akaangusha kigoda.

"Kwa hiyo kaondoka na ile."

Tulitoka vile vile, mimi na kanga ya kupikia, yeye pekupeku. Machimbo si mbali ukiwa mzima, lakini kumwongoza kipofu anayetaka kukimbia ni mateso. Alijikwaa, akanyanyuka, akanivuta mimi ninayeona. Nilikuwa namwambia, "Hajapata kitu, kaka, amepanda nayo siku zote hizi, leo ina nini?" Nilisema hivyo njia nzima, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuomba.

Tulisimama chini kabisa ya mteremko, pale barabara inapopinda kwenye ukuta wa mawe. Akaniambia ninyamaze. Akainua kichwa upande wa juu. Baiskeli zikiteremka bila kukanyagwa, gurudumu la nyuma linalia kila moja kwa mlio wake, na kaka aliijua milio yote.

"Huo ni wa ile ya kuazima," alisema. Kinyozi akatokea, akatupita, akashika breki akishangaa kutuona.

"Mtoto yuko wapi?" nikapiga kelele.

"Nyuma yangu. Leo ana moto, alinisubiri juu anicheke, anakuja sasa hivi."

Kaka akainua mkono tunyamaze tena. Na mimi nikausikia sasa, mlio mwembamba, wa haraka, unakuja. Uso wake ukafunguka. Alitabasamu. Nitaliona lile tabasamu mpaka nife.

Kisha mlio ukakatika. Palikuwa na sauti moja fupi ya chuma, nyingine ya kitu kizito, halafu ndege wakaendelea.

Kinyozi alikuwa ameshatupa baiskeli yake anakimbia juu. Mimi nilibaki nimemshika kaka, kwa sababu nisingemshika angekwenda kwa kutambaa. Alikuwa anauliza, "Amesimama? Ananyanyuka? Niambie anafanya nini." Mtoto alikuwa hafanyi kitu. Alikuwa amelala chini ya ukuta wa mawe, na fremu nyekundu ilikuwa imeachana chini ya usukani, kwenye ungio, kama kaka alivyosema. Alikufa kabla gari halijafika. Baba yake alimshika kichwa muda wote na kumwambia habari za mama yake.

Baada ya mazishi wale waliotucheka wakaanza kuja. Hawakubisha hodi. Walikuja mmoja mmoja, wakaegemeza baiskeli zao nje ya ukuta, wakaenda. Mmoja aliingia akasema, "Fundi, ulisema kweli." Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo fundi cherehani mwenye umri wangu hapaswi kuyajua, na sijutii hata moja. Walihitaji maiti ya mtoto ndipo wamwamini mzee.

Kaka alizikata zote. Nilimshikia, yeye akakata. Zilipokwisha akaomba nimpe ile ya kijani, vipande vyake. Akaanza kuifungua: pedali, usukani, kiti. Alifanya polepole, akigusa kila nati kabla ya kuilegeza, kama anaisoma. Nilikuwa nimemweleza kwamba mtoto ndiye aliyebadilisha vifaa usiku ule, ili mzee akipapasa ajidanganye. Nilidhani atamlaumu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa namlaumu, siku zile nilikuwa na hasira na kila mtu hadi marehemu.

Alikitoa kile kiti cha binti, kimelika upande mmoja kwa jinsi alivyokuwa anakaa. Akakiweka mapajani. Akapitisha ukucha kwenye bolti yake, kuzunguka, mpaka alipoanzia.

"Amefunga vizuri," akasema. "Kila nati. Hata moja haikulegea." Akageuza uso upande wangu, macho yake yakapita pembeni kidogo ya mahali nilipokaa. "Na alikuwa ananiambia hajui."