Chui wa Blanketi

Baba yangu hakuwahi kupigania uhuru msituni. Wenzake walipokuwa wakiwavizia Waingereza, yeye alikuwa mtoto huko magharibi akichunga ndama, na baadaye akaja Nairobi kupaka rangi mabehewa ya reli mpaka alipostaafu. Lakini ana ndevu nyeupe, na mwaka jana, sikukuu ya mashujaa ilipokaribia, ndevu zilitosha. Mheshimiwa wetu, mbunge, alitaka filamu inayomwonyesha akirithi mkuki kutoka kwa mpiganaji, na hapa mtaani kwetu Mowlem hakupatikana mpiganaji wa kweli.

Mimi hupiga video za harusi na matanga. Sanaa naifanya muda ukibaki. Watu wa mheshimiwa wakanichukua nishike kamera ya pili. Nilimsihi baba akatae. Akasema atakwenda, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuwekewa maikrofoni, na ana jambo la kusema.

Jambo lenyewe nalijua. Miaka michache baada ya uhuru waligoma kwenye karakana ya reli, na rafiki yake, aliyeishi naye chumba kimoja katika nyumba za reli za Muthurwa, akabebwa na askari kwa lori asionekane tena. Jina lake baba alikuwa hajawahi kulitaja mbele ya watu.

Wakamvisha ngozi ya chui. Ilikuwa blanketi, lile la manyoya lililomo katika kila nyumba ya huku kwetu Eastlands, limekatwa kwa makasi na lebo inaning'inia begani. Ndani baba alivaa tai yake ya reli, akakataa kuivua. Kila kamera zilipowashwa alianza, "Tulikuwa wawili," na kila mara mwongozaji wa filamu akamkatiza. Mara ya sita akamwendea kwa heshima zote.

"Mzee, hiyo stori yako haina mzungu. Sisi tunataka yenye iko na mzungu."

"Haikuwa na mzungu," baba akasema. "Ndiyo maana nataka kuisema."

Wakamwomba basi anyamaze tu, atazame mbali. Akatazama mbali, kwenye kamba ya nguo za jirani. Mheshimiwa akapokea mkuki na kufuta chozi ambalo halikuwapo. Nilikasirika, lakini kamera yangu sikuizima.

Filamu yao ilionyeshwa uwanjani, ikapigiwa makofi. Yangu niliionyesha Jumapili iliyofuata katika ukumbi wa kanisa, kwenye shuka lililotundikwa ukutani. Nilikuwa nimeunga zile mara sita tu, zinajirudia bila kukoma: "Tulikuwa wawili," anakatizwa, "Tulikuwa wawili," anakatizwa. Majirani walicheka mpaka machozi, hasa lebo ilipoonekana. Nikajiona fundi kweli kweli. Msaidizi wa mheshimiwa, aliyekuwa amekuja kutazama, akaniuliza kama naweza kutoa maneno yote ibaki sura ya mzee peke yake, kwa kampeni.

Kisha nikamtazama baba. Hakuwa akicheka. Nikaona haya, maana hata mimi nilikuwa nimemkatiza mara sita, nikaiita sanaa.

Akainuka, akasimama mbele ya shuka. Mwanga wa projekta ukamvisha lile blanketi tena, juu ya tai.

"Tulikuwa wawili," akasema, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

Akasimulia mgomo, akasimulia lori na waliolipanda, kisha akalitaja jina la rafiki yake, lote, pamoja na la babake. Kamera nilikuwa nimeiacha nyumbani.