Pikipiki ya Kumleta Mama Mkwe

Siku hizi nawaona vijana wa hapa Kasongo wakiwapakia mama wakwe zao kwenye pikipiki, kifua mgongoni, na hakuna anayegeuza uso. Zamani zetu haikuwa hivyo. Mama wa mke wako hukumgusa. Mkikutana njiani, wewe uliingia majanini ukangoja apite.

Nilipokwenda kununua pikipiki yangu ya kwanza nilikuwa mtu mzima, na hata baiskeli niliiendesha kwa shida. Lakini mama mkwe alibaki peke yake Kabambare, macho yake yakififia, na watoto wake wengine walikwisha kuhamia machimbo ya Lusangi. Ilitupasa kumleta kwetu, na njia ile haikupitika kwa gari.

Fundi alikuwa na pikipiki mbili. Moja ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani, nyepesi, yenye kiti kifupi. Ya pili aliitengeneza upya kwa ajili ya mchuuzi wa mawese: aliirefusha nyuma kwa vyuma na kuiongezea springi, ili bidoni zake za mafuta zipangike.

"Papa, hii njo ya mutu anayeanza," aliniambia, akipiga kile kiti kifupi. "Ile ingine ni ya waliozoea. Kwenye mlima inainua kichwa kama beberu."

Nilikubaliana naye, na mkono wangu ulikwisha kushika usukani wa ile fupi. Ndipo mke wangu, aliyesimama kando, akauliza: "Baba watoto, mama atashika wapi?"

Fundi akacheka. "Si atamshika papa kiunoni?"

"Huyo ni mama yako au ni wangu?" mke wangu akamjibu. Fundi akaisogeza ile ndefu mbele yetu.

Tukanunua ile ndefu. Iliniangusha sokoni, ikaniangusha katika shamba la mpunga, hata wanawake waliokuwa wakivuna wakaniuliza kama nimekuja kuwasaidia. Nilinyanyuka, nikaendelea.

Kule Kabambare, mama mkwe aliizunguka pikipiki akiipapasa, mpaka alipofika mwisho wa vile vyuma, akaridhika. Tulifunga gunia la mpunga katikati, naye akakaa nyuma kabisa, amepakata kuku kikapuni. Njia nzima hakusema nami. Alisema na kuku.

"We kuku, mwambie mwenye kuendesha kwamba njia ina mashimo."

"Kuku, mwambie mama kwamba mashimo nayaona," nilijibu, nikitazama mbele.

"Kama anayaona, mbona anayaingia yote?"

Tulipokwisha kuvuka mto Luama, mlima ukatushinda. Pikipiki iliinua kichwa vilevile kama fundi alivyoonya. Mama mkwe akashuka, nami nikaanza kuikokota kwa mikono, jasho likinitiririka. Mara nikahisi imekuwa nyepesi. Sikugeuka, kwa sababu haikuwa heshima kugeuka, lakini nilisikia pumzi zake kule nyuma: mama yule, asiyeona vizuri, alikuwa ameshika vile vyuma akisukuma.

Tulipanda hivyo hadi juu, mimi huku na yeye kule, tukapumzika kila mtu upande wake wa njia.

Jua lilikuwa bado halijatua tulipoingia Kasongo. Mke wangu alikuwa jikoni. Alisikia sauti ya mama yake ikiuliza mlango uko upande gani, akatoka mbio na mwiko mkononi, akamshika, wala hakuna aliyekumbuka wali motoni. Uliungua. Tuliula hivyo hivyo, nami sijapata kula wali mwingine uliokuwa mtamu kama ule.