Mlinzi wa Jokofu la Kacyiru

Nilitoka Mwanza kwa sababu ya ubishi. Mfumo endeshi wa majokofu ya damu niliuandika mimi, na ndani yake niliweka mlinzi: programu ikiandika nje ya sehemu ya kumbukumbu iliyopewa, mlinzi anasimamisha kila kitu na king'ora kinalia. Klodine, fundi wa majokofu hayo Kigali, aliniomba nimtoe. Nilikataa. Akasema, basi njoo uone mwenyewe.

Mpakani Rusumo tulishushwa kwenye basi na mizigo yote. Viatu vyangu vya akiba vilikuwa kwenye nailoni; Rwanda mifuko hiyo ni marufuku, afisa akaichukua, viatu nikavibeba mkononi. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Kigali nilifika mgongo umekufa ganzi. Pikipiki ikanipandisha hadi Kacyiru, kwenye karakana ya akina Klodine.

“Karibu, kaka. Pole ya safari,” alisema Klodine, macho mekundu. “Hiyo mulinzi iko inaniua. Kila usiku jokofu inasimama, kliniki wananiita. Utoe tu, nilale.”

Nikamtoa, kwenye jokofu tupu la majaribio. Mchana kutwa halikusimama. Klodine alitabasamu. Kisha nikafungua mlango, nikauacha wazi. Joto likapanda, lakini kioo cha kipimo kiliendelea kuonyesha nyuzi nne. Programu ilikuwa imevuka mpaka wake na kuharibu sehemu ya kumbukumbu inayopokea kipimo cha joto.

Klodine aliingiza mkono ndani. “Na kama ingekuwa na damu?”

“Ingeharibika, na msingejua.”

Tulirudi kwenye kompyuta. Programu nyingine, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, hukagua makosa kabla chochote hakijawaka, ila aliyemtangulia Klodine kazini alikuwa ameyazima maonyo yake kwa kuchoshwa na wingi wake. Tulipoyawasha, mstari wenye kosa ulionekana papo hapo. Tukaurekebisha.

Jioni bosi wake akaja. “Vizuri. Kosa limetoka, basi mutoe na mulinzi, isisumbue wateja tena.”

“Hapana, bosi,” alisema Klodine. “Mimi ndiyo wananiamusha. Ibaki.”

Nilirudi na viatu mkononi. Nilikuwa nimekwenda kumtetea mlinzi. Nikajifunza kwamba anadumu tu akitetewa na yule anayemkosesha usingizi.

Kabla ya kufika Mwanza, simu iliita. Klodine.

“Usiku jokofu ya kliniki imesimama tena, kaka. Iko kosa ingine, mupya. Damu tumehamisha yote, iko salama.” Akapiga miayo. “Sasa naenda kulala.”