Kaniki Juu ya Blanketi Jekundu

Mama alipokuwa anakata roho hakuniambia mengi. Alinishika kifundo cha mkono akasema, "Huyu mdogo usimwache," nami nikasema sitamwacha. Baba alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Shimo la dhahabu lilimfukia huko Bulyanhulu, akachimbuliwa na wenzake siku ya pili. Tukabaki watoto wanne. Mimi ndiye mkubwa, na masomo yangu yakaishia hapo darasa la tano.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mdogo wetu wa mwisho akaanza kukohoa. Alikuwa msichana wa miaka minne, mwepesi kama mzigo wa pamba. Siku ya tatu mbavu zikawa zinazama kila anapovuta pumzi. Nikawaacha wawili wa katikati kwa jirani, nikamfunga mgongoni kwa shuka, nikaendesha baiskeli hadi Kahama. Tulipopita Nyahanga alikuwa hakohoi tena, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi.

Mganga msaidizi wa hospitali alimsikiliza kifua akasema ni nimonia. Akauliza mama yake yuko wapi, maana katika wodi ya watoto walilala akina mama tu. Nikamjibu kwamba mama yake ni mimi. Sikusema kwa mzaha, lakini wanawake waliokuwa kwenye benchi walicheka, na tangu saa ile wakaniita "mayu", neno la Kisukuma la kumwita mama. Kila asubuhi mmoja wao aliniuliza, "Mayu, umelalaje? Maziwa yametoka?" Nilikuwa mvulana wa miaka kumi na sita. Nilizoea.

Wodi ilikuwa nyeupe kuanzia kuta hadi mashuka. Kitu pekee chenye rangi kilikuwa mablanketi, na yote yalikuwa mekundu, ya sufu nzito. Kitanda chetu kilikuwa karibu na dirisha lililopoteza vioo viwili, na upepo wa mvua uliingia pale bila kubisha hodi.

Nesi wa wodi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka upande wa Tanga, mwenye mwendo wa polepole. Wenzake walimtania wakamwita fundi rangi. Siku ya kwanza nilijua sababu. Kabla ya kumchoma mdogo wangu sindano ya penisilini alimbeba hadi dirishani, akaifunua midomo yake, akatazama kucha zake moja moja kwenye mwanga wa jua, kama mtu anayechagua nyuzi. Akaniambia zina ubuluu kidogo, na kwamba ubuluu ule ukizidi ataujua kabla ya kipimo chochote. Kando ya kitanda cha mtoto aliyeungua kwa uji alikuwa ametundika khanga ya kijani. Nilipomuuliza ni ya nini, alisema macho ya mgonjwa huchoka na weupe, na kwamba zipo dawa za kumeza, zipo za sindano, na zipo zinazoingilia machoni. Alikuwa hajazisoma popote hizo za tatu, alisema. Aliziona tu, kwa kukaa na wagonjwa.

Sikumwamini wala sikumkatalia. Nilichotaka ni mdogo wangu apumue.

Lakini hakupona. Kila asubuhi alionekana afadhali, akanywa uji vijiko vitatu, akanitazama. Kila jioni kucha zilirudi kuwa buluu na mbavu zikaanza kuzama upya. Siku tatu zikaenda hivyo. Mganga msaidizi alisema ikipita siku nyingine bila nafuu itabidi apelekwe Mwanza, na barabara wakati ule wa mvua ilikuwa matope matupu. Nilimtazama yule mtoto nikaona hafiki Mwanza.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulijua siku zile, ingawa nililifanya kwa mikono yangu. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Geita na radi zikaanza. Zikianza, nilimfunua mdogo wangu blanketi, nikalikunja, nikalisukuma chini ya kitanda, nikamfunika shati langu. Hakuna aliyeniagiza. Kwetu kila mtu anajua kwamba rangi nyekundu inaita radi. Nilimwona kwa macho yangu jirani aliyepigwa akiswaga ng'ombe, na shati lake lilikuwa jekundu. Akina mama wote wodini walifanya kama mimi, kimyakimya, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Mvua ilipoisha tulirudisha mablanketi. Nilijiona mlinzi mwema.

Siku ya nne yule nesi, ambaye kwa kawaida saa ile alikuwa chumba cha pili akichemsha sindano, aliingia wodini katikati ya ngurumo. Akasimama. Akatazama kitanda kwa kitanda. Wodi nzima ilikuwa nyeupe, hakuna hata blanketi moja. Akaja kwetu, akaishika miguu ya mdogo wangu.

"Blanketi la mtoto liko wapi?"

"Chini ya kitanda, sista."

"Nani amelitoa?"

"Mimi."

Nilingoja matusi. Watu wa mjini walikuwa na maneno yao kwa ajili yetu, na mengi nilikuwa nimeyasikia. Yeye aliuliza tu kwa nini. Bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake kitanda cha pili akanijibia.

"Nyekundu inaita radi, mwanangu. Huko kwenu radi hufuata nini?"

Nesi akafikiri kweli, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Kwetu tunafunika vioo," akasema.

Wanawake wakacheka, maana na sisi tulifunika vioo. Yeye hakucheka. Alikuwa anaendelea kuvitazama vile vitanda, na usoni alikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kisha akauona mkononi mwake. Alisema mvua hizi ni za tatu kwake katika wodi ile, na mara zote alidhani akina mama wanayaficha mablanketi yasilowe. Kisha akamuuliza bibi ni rangi gani radi haiitaki.

"Nyeusi," bibi akasema. "Nyeusi ndiyo mvua yenyewe. Mvua haiwezi kujipiga."

Asubuhi aliporudi kazini alikuwa na kipande cha kaniki kutoka duka la Mhindi, kimekunjwa kwapani. Akauliza nani anajua kushona. Nilikuwa nikiwatilia viraka wadogo zangu mwaka mzima, nikasema najua. "Mayu anashona pia?" akasema mmoja wa akina mama. "Basi tumpate mchumba." Nikashona hivyo hivyo wakicheka, kaniki juu na kaniki chini, blanketi katikati. Nesi alinishikia upindo.

"Sikufichi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Jekundu linabaki ndani. Joto liko kwenye sufu, na mtoto huyu analihitaji joto hilo hata radi zikipiga. Usilitoe."

Nikamwambia nimesikia.

"Na jambo jingine. Yeye hajui radi ni nini. Anausoma uso wako."

Tulipomfunika, mdogo wangu aliushika upindo wa kaniki kwa vidole viwili, akaupitisha juu ya mdomo, huku na huku. Mama alikuwa akimbeba kwa kaniki, na alikuwa akilala hivyo, kitambaa mdomoni. Ile ya mama tulimzika nayo. Akasema, "Mama." Mwaka mzima hakuwa ametamka neno hilo, nami nilidhani amelisahau.

Nesi alikuwa ameweka kiganja kifuani pake na macho kwenye saa. Akahesabu, akahesabu tena. Sindano ya asubuhi ilikuwa bado haijachomwa. "Umeona?" akaninong'oneza, nami niliona: mbavu zilizokuwa zikizama kila mara sasa zilikwenda taratibu. Nimeishi na jambo hili miaka mingi na sijapata maneno yake. Kipande cha nguo nyeusi kilikuwa kimegusa kifua cha mtoto mahali ambapo dawa ilikuwa haijafika. Nilitazama kaniki, nikamtazama nesi, na nikaona naye ameshangaa.

Alasiri mawingu yakaja. Nilikaa kitandani nikaikalia mikono yangu. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali, ya pili ikatikisa bati. Wale wengine walikunja mablanketi yao mekundu kama kawaida, kisha wakanigeukia. Mdogo wangu akafungua macho, akautazama uso wangu. Nikautuliza kadiri nilivyoweza.

Ndipo nilipoona. Kwenye kona ya upindo, karibu na kidevu chake, mshono wangu ulikuwa umeachia. Nafasi ya ukucha wa dole gumba, na ndani yake wekundu unawaka. Radi ikapiga karibu, dirisha zima likawa jeupe. Mikono yangu ilikwishatoka chini yangu. Nilimwona nesi amesimama mlangoni, na hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akiangalia mikono yangu.

Niliweka kiganja juu ya ule wekundu. Nikakiacha pale. Niliwaza kwamba ikitaka kuja, basi ianzie kwangu. Mdogo wangu aliendelea kunitazama kidogo, kisha akafumba macho, na kitambaa kikiwa mdomoni akalala, bati likipigwa juu yetu kama ngoma. Sikuondoa mkono hadi ukafa ganzi.

Mvua ilipokatika nesi akaja, akashika miguu ya mdogo wangu. Ilikuwa na joto. Akambeba hadi dirishani pamoja na blanketi lake, akatazama kucha kwenye mwanga uliobaki, akazitazama muda mrefu, kisha akaniita nami nizione. Zilikuwa na rangi ya waridi, kama za mtoto yeyote.

Akamrudisha kitandani. Ndipo akaiona ile kona iliyoachia. Akatumbukiza mkono mfukoni, akatoa sindano yenye uzi.

"Mshono wako una mlango, mayu," akasema. "Ufunge."

Kitanda cha pili, yule bibi alikuwa tayari amelivuta blanketi lake jekundu kutoka uvunguni, amelikunjua mapajani, akiuliza kama kaniki ya Mhindi imebaki.