Mshale wa Mizani

Juzi kwenye soko la samaki la Kibirizi nilimwona mchuuzi akitundika gunia la dagaa kwenye mizani. Mshale ulipotetemeka, harufu ya samaki ikanitoka puani, ikaja ya uji ulioungua na maturubai yaliyochomwa na jua. Ni harufu ya kambi ya wakimbizi tuliyofikia tulipoikimbia Burundi.

Mchana mmoja pale kambini mama alimpeleka mdogo wangu Keza kupimwa uzito. Nesi alimvalisha kikaptula chenye kamba, akamning'iniza kwenye ndoano ya mizani. Keza hakulia, kulia kulikuwa kumeshamchosha. Nilikuwa nimewasikia wakubwa wakisema anazidi kuwa mwepesi, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Kwa akili yangu, kitu chepesi hupeperuka, kama majivu ya mekoni. Basi nikaudaka mguu wake, nikaushikilia kwa nguvu zangu zote.

Mshale ukaruka mbele.

"Imana ishimwe!" Mama akamshukuru Mungu kwa Kirundi, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuvuke mpaka.

"Mwachie mdogo wako, unamvuta," nesi akaniambia kwa upole.

Nikamwachia. Mshale ukarudi kule kule.

Leo nafundisha fizikia. Najua mizani haitofautishi mkono wa mtoto na mvutano wa dunia, na kwamba dunia haimwachii mtu, awe mwepesi namna gani. Keza tulimzika kabla mvua hazijaanza. Lakini kila nikifika kwenye somo la mizani namsikia mama wa mchana ule, ameniinamia sikioni, akininong'oneza ili nesi asisikie:

"Mshike tena."